Baiskeli Katika Maisha ya Kata: Kuijua, Kuitunza na Kuiendesha kwa Usalama

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara nyingi za vijijini huwa tayari zina watu. Muuza maziwa amefunga madumu yake mawili kwenye keria, mchoma mkaa anasukuma mzigo uliomzidi kimo, na mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye kwao ni kilomita 6 kutoka shuleni, ameshaanza safari. Wawili wa kwanza wana baiskeli. Wa tatu, aghalabu, anakwenda kwa miguu. Somo hili linaanza na huyo wa tatu, kwa kuwa hesabu ya safari yake ndiyo inayoonyesha wazi zaidi thamani ya chombo hiki ambacho wengi wamekizoea mno hata wakaacha kukifikiria.

Mtu mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa. Kilomita 6 humchukua saa moja na dakika 12. Kwa baiskeli ya kawaida, katika barabara ya changarawe iliyo tambarare, mwendo wa kilomita 12 kwa saa si wa kujitesa, na kwa mwendo huo safari ileile huisha kwa nusu saa. Kwenda na kurudi, mwanafunzi huyo huokoa saa moja na dakika 24 kila siku. Kwa siku tano za masomo ni saa saba kamili. Saa saba hizo ni usingizi, ni daftari lililofunguliwa kabla ya giza, ni maji yaliyotekwa bila kukimbizana.

Kwa msichana jambo hili lina uzito zaidi ya muda. Kila dakika ya alfajiri anayoitumia kwenye njia yenye vichaka ni dakika ambayo mzazi wake hana raha. Na asiye na baiskeli hupewa lifti. Lifti ya pikipiki isiyolipiwa fedha leo, mara nyingi hudaiwa kesho kwa malipo ya namna nyingine, na walimu wa sekondari za kata wanayajua matokeo yake kuliko mtu yeyote. Ni ajabu, basi, kwamba katika kaya nyingi baiskeli inapopatikana hupewa mtoto wa kiume kwanza, ilhali binti ndiye mwenye kuihitaji zaidi.

Chombo kilikotoka

Baiskeli ilianza bila pedeli. Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, na mwendeshaji alikaa juu yake akijisukuma kwa miguu ardhini. Pedeli zilikuja katika miaka ya 1860 huko Ufaransa, zikiwa zimefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, John Boyd Dunlop, alisajili haki ya tairi ya mpira iliyojazwa upepo. Tangu hapo umbo la baiskeli halikubadilika sana. Anayepanda Phoenix leo amepanda, kwa sehemu kubwa, chombo cha mwaka 1888.

Katika Afrika Mashariki baiskeli ilifika enzi za ukoloni, ikawa kwanza kitu cha makarani, walimu, makatekista na wafanyabiashara, kisha ikashuka kwa mkulima. Wazee wanaikumbuka Raleigh ya Uingereza, na wanaikumbuka pia Swala, ambayo ilitoka katika kiwanda cha hapahapa nchini. Neno bodaboda lenyewe ni mtoto wa baiskeli. Katika mji wa mpakani wa Busia, waendesha baiskeli walikuwa wakibeba abiria kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi cha Uganda, wakinadi safari yao kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza. Pikipiki ilirithi jina hilo baadaye. Shinyanga nako, baiskeli zinazobeba abiria zilipewa jina la daladala, kama vile mabasi ya mijini. Na msafiri anayeingia Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, hahitaji kuelezwa: ardhi ni tambarare, mashamba ya mpunga yametapakaa mbali na makazi, na baiskeli ni nyingi kiasi cha kuupa mji huo sifa yake.

Kujifunza ukubwani

Wapo wengi, hasa akina mama, ambao hawakujifunza utotoni, ama kwa kukosa baiskeli ama kwa kuambiwa kwamba si adabu. Wakiwa watu wazima huona aibu kuanza. Njia inayotumika sana ya kufundisha, ile ya mtu mmoja kushika kiti kwa nyuma na kukimbia akipiga kelele, haifai kwa mtu mzima. Mwenye kushika huchoka, na anayejifunza hutegemea mkono ulio nyuma badala ya kuusikia mwili wake.

Iko njia iliyo bora, nayo inarudi kwa von Drais. Pedeli zote mbili hufunguliwa na kuwekwa kando. Kiti hushushwa mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini bila kunyanyua visigino. Mwanafunzi hukaa, hutembea akiwa juu ya baiskeli, kisha hurefusha hatua, kisha huinua miguu yote miwili kwa muda mfupi mahali penye mteremko mdogo sana. Siri ya kutoanguka iko kwenye usukani: baiskeli ikiinamia kushoto, usukani ugeuzwe kidogo kushoto, ikiinamia kulia, kulia. Mwili hulijua jambo hilo wenyewe baada ya mazoezi machache, mradi macho yatazame mbele na si kwenye gurudumu. Mtu akiweza kuteleza mita 20 bila kukanyaga, pedeli hurudishwa.

Tahadhari moja kwa atakayezifungua pedeli hizo: ya kulia hufunguliwa kama skrubu ya kawaida, lakini ya kushoto ina uzi wa kinyume. Wengi wameiharibu kranki kwa kuikaza pedeli ya kushoto huku wakidhani wanailegeza.

Kwa mwenye kujua tayari, kiti kiwe juu kiasi kwamba pedeli inapokuwa chini kabisa mguu ubakie umekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma na nguvu hupotea. Watu wengi huendesha kwa kiti kilichoshuka kwa sababu kilinunuliwa kikiwa hivyo, na huenda wakaishi miaka kumi na maumivu ya goti ambayo yangeondolewa kwa spana moja.

Meno ya mbele na meno ya nyuma

Hapa pana hesabu ndogo inayofaa hata darasani. Tuseme gia ya mbele, ile yenye pedeli, ina meno 48, na ya nyuma ina meno 18. Mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu la nyuma mara 48 gawanya kwa 18, yaani mara mbili na theluthi mbili. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja hukata takriban mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa miguu humpeleka mtu karibu mita 6 mbele. Gia ya nyuma ikibadilishwa kwa yenye meno 22, mzunguko uleule utampeleka mita 4.8 tu, lakini mlima utakuwa mwepesi zaidi. Mkulima anayebeba magunia katika kata yenye miinuko hana sababu ya kung'ang'ania gia iliyokuja na baiskeli. Ile ya nyuma hununuliwa peke yake na kubadilishwa na fundi kwa muda mfupi. Kwa kawaida mnyororo utahitaji kuongezwa pingili.

Mnyororo wenyewe hutunzwa kwa matone machache ya mafuta yaliyo safi, kisha hupanguswa kwa kitambaa mpaka uonekane kama haukupakwa kitu. Mafuta yanayotakiwa ni yale yaliyoingia ndani ya viungo; yaliyobaki nje hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa msasa. Mazoea ya kumwaga oili chafu ya gari juu ya mnyororo yanaonekana kuwa ya kuokoa fedha. Kwa kweli hula meno ya gia polepole, na mwenye baiskeli hulipa baadaye.

Pancha

Hakuna adha inayomkatisha mtu safari mara nyingi zaidi ya pancha, hususan katika maeneo yenye migunga. Kuziba pancha ni kazi ya dakika 20 kwa mwenye vifaa: vyuma viwili vya kubandulia tairi, kipande cha msasa, solusheni, viraka na pampu. Vyote hivyo hukaa kwenye mfuko mdogo chini ya kiti.

Baiskeli hupinduliwa isimame kwa kiti na usukani. Upepo uliobaki hutolewa wote. Upande mmoja wa tairi hubanduliwa kwa vyuma, kuanzia mbali na vali, na tyubu hutolewa nje. Tyubu hujazwa upepo na kupitishwa kwenye beseni la maji, sehemu kwa sehemu, mpaka mapovu yaonyeshe tundu. Pasipo maji, hupitishwa karibu na shavu au mdomo, ambao husikia upepo hata ulio mdogo. Mahali pa tundu hukaushwa, husuguliwa kwa msasa kwa upana unaozidi kiraka, kisha solusheni hupakwa kwa utando mwembamba.

Ni hapa ambapo wengi hukosea. Kiraka hakibandikwi solusheni ikiwa mbichi. Husubiriwa dakika chache mpaka utando uache kung'aa, kisha kiraka huwekwa na kukandamizwa kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Mwenye haraka akibandika mapema, kiraka huteleza, na kilomita mbili mbele atarudi kukaa chini palepale kando ya barabara.

Kosa la pili ni kusahau mwiba. Tyubu imezibwa vizuri, imerudishwa, imejazwa, na mwiba uleule ungali umechomoza ndani ya tairi. Kabla ya kurudisha tyubu, vidole vipitishwe taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, na kila kinachochoma king'olewe. Kisha itazamwe iwapo tyubu ilitobolewa upande wa nje au upande wa rimu. Ikiwa ni upande wa rimu, mkosaji ni ncha ya spoki iliyopenya, na dawa yake ni kuikata au kuisugua ncha hiyo na kuizungushia rimu utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu.

Tairi lijazwe vizuri. Tairi lenye upepo mdogo huongeza uzito wa safari, na likigonga jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama jeraha la meno ya nyoka. Anayeona matundu ya namna hiyo asitafute mwiba.

Breki na mvua

Katika vijiwe vingi vya baiskeli huonekana vyombo visivyo na breki hata moja, na mwendeshaji husimama kwa kukandamiza soli ya kandambili juu ya tairi la mbele. Vijana huliona jambo hilo kuwa ustadi. Kwenye mteremko, ukiwa na gunia nyuma, ustadi huo haupo. Kilichopo ni uzito unaosukuma na mguu unaoteleza.

Breki zote mbili ziwe hai. Ya mbele ina nguvu zaidi, kwa kuwa chombo kinapopunguza mwendo uzito wote huelemea mbele, lakini ikishikwa ghafla peke yake humrusha mtu juu ya usukani. Ishikwe pamoja na ya nyuma, kwa kuongeza nguvu polepole. Wakati wa masika pana hatari nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Baiskeli nyingi zinazotumika vijijini zina rimu za chuma, na mpira wa breki juu ya chuma chenye maji hushika kwa shida sana. Umbali wa kusimama huongezeka mno. Aliyetoka kuvuka maji au anayeendesha mvuani aguse breki kidogo mapema, mara mbili tatu, ili kuifuta rimu, kabla ya kuhitaji kusimama kwa kweli.

Mzigo nao una kanuni zake. Kilicho kizito kiwe chini na kiwe katikati, karibu na mwili wa mwendeshaji kadiri inavyowezekana, na pande mbili zilingane. Mzigo uliokaa nyuma kabisa ya keria hunyanyua gurudumu la mbele, na usukani mwepesi hautii. Spoki za nyuma zikikatika mara kwa mara, hiyo ni dalili kwamba mzigo ni mkubwa kuliko gurudumu, na kubadilisha spoki moja moja ni kuahirisha tu siku ya rimu kupinda.

Barabarani

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humhusu mwendesha baiskeli kama inavyomhusu dereva wa lori. Huendesha kushoto. Hutii alama, taa na ishara za askari. Anapotaka kukata kulia hutazama nyuma kwanza, hunyoosha mkono wa kulia, na hukata pale tu njia inapokuwa wazi. Fikra iliyoenea kwamba ni salama kuendesha upande wa kulia ili kuyaona magari yanayokuja ni ya waenda kwa miguu. Kwa baiskeli ni hatari, maana mwendo wa baiskeli hujumlishwa na ule wa gari, na dereva anayetoka njia ya pembeni hatarajii kukuta chombo kikija kutoka upande huo.

Wakati wa usiku ndipo maisha hupotea. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva mwepesi huhitaji walau sekunde moja kati ya kuona na kukanyaga breki, na baada ya hapo gari halisimami mara moja. Taa zilizoinamishwa humulika makumi machache tu ya mita. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, juu ya baiskeli nyeusi isiyo na taa wala kiakisi mwanga, huonekana katika umbali ambao breki haziwezi tena kumsaidia. Si suala la dereva mbaya na mwendesha baiskeli mwema. Hata dereva makini atachelewa.

Kinga yake haina gharama kubwa. Kiakisi chekundu nyuma, na viakisi vya njano kwenye pedeli, ambavyo hupanda na kushuka na hivyo huonekana upesi kuliko kitu kilichotulia. Taa ya mbele ya dainamo au ya betri. Shati jeupe au kizibao cha kung'aa. Kofia ngumu, kwa anayeweza kuipata, hulinda kichwa, ambacho ndicho kiungo kisichozibika kiraka. Na mzazi anayemruhusu mtoto kuendesha baiskeli ya mtu mzima huku amepitisha mguu chini ya bomba la juu, ajue kwamba mtoto huyo hawezi kusimama kwa haraka. Abakie uwanjani, si kwenye barabara ya magari.

Afya, na furaha pia

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto na vijana wastani wa dakika 60 kila siku. Mtumishi anayeishi kilomita 6 kutoka kazini, akienda kwa baiskeli nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa siku tano, amefikisha dakika 300 bila kutenga hata dakika moja ya mazoezi. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya mijini tena, na wahudumu wa zahanati wanaopima watu siku za kliniki wanalijua hilo. Baiskeli ina faida nyingine juu ya kukimbia: uzito wa mwili hubebwa na kiti, hivyo magoti na vifundo hupumzishwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi aanze na safari fupi, na ashauriane kwanza na mhudumu wa afya.

Lakini si kila safari iwe na sababu. Jumapili asubuhi, wakati umande haujakauka na barabara haina malori, kundi la watu wanne au watano linaweza kwenda hadi kijiji jirani, kunywa chai na kurudi kabla ya jua kali, na hakuna aliyepoteza kitu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mashindano ya baiskeli huvuta umati, na washiriki wengi hushindana kwa baiskeli zilezile zinazobeba pamba na mahindi siku nyingine. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa fulana ya kijani. Kijana anayepanda mlima kuelekea gulioni akiwa na kreti mbili za soda hafanyi kitu kidogo.

Njia, na mahali pa kupeleka hoja

Baiskeli nzuri kwenye njia mbovu haitoshi. Mara nyingi kinachowaumiza waendesha baiskeli ni vitu vidogo ambavyo mhandisi aliyepita kwa gari hakuviona: kalvati iliyojengwa ikabakiza ukingo mkali, ukingo wa lami uliomomonyoka na kumsukuma mwendeshaji katikati ya magari, mfuniko wa mtaro wenye nondo zilizolala sambamba na barabara na kuacha nafasi inayomeza gurudumu, tuta lisilo na upenyo pembeni. Njia ikiwa nzuri kwa baiskeli huwa nzuri pia kwa mtu mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono, ambaye hawezi kushuka na kusukuma.

Uholanzi, ambayo leo hutajwa kila mahali kwa njia zake za baiskeli, haikuzipata kwa bahati. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua huko watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia barabarani na kauli iliyotaka mauaji ya watoto yakome, na miji ikaanza kujengwa upya kidogo kidogo, mtaa baada ya mtaa. Hapa nchini, awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam ilijengwa ikiwa na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Kwamba mara nyingi huonekana pikipiki na bidhaa juu ya njia hizo ni funzo jingine.

Kwa mkazi wa kata, jambo la kwanza ni kujua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Hoja iliyopelekwa kusikohusika huzunguka miezi mingi. Mahali pa kuanzia ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema ndani yake. Hoja ikiingia kwenye muhtasari wa mkutano huo, Mtendaji wa Kijiji huifikisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Isemwe kwa ukamilifu: ni mahali gani, ni umbali gani kutoka alama inayojulikana, kumetokea nini na lini, wanafunzi wangapi hupita hapo kwa siku. Malalamiko ya jumla kwamba barabara ni mbovu hayana pa kuandikwa katika bajeti.

Vijana wanaotaka kuifanya ufundi wa baiskeli kuwa ajira wana mlango pia. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vya vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinachokwenda kuomba kiwe na hesabu mkononi: kijiwe kipo wapi, baiskeli ngapi hupita kila siku ya gulio, pancha moja hulipwa kiasi gani, na seti ya spana, pampu ya kusimama na akiba ya gololi, spoki na tyubu vitagharimu shilingi ngapi. Kikundi ambacho mmoja wao amewahi kukaa kwa fundi mzoefu, akajifunza kunyoosha rimu kwa kukaza na kulegeza spoki, kitakuwa na kazi hata wakati wa kiangazi, pancha zinapokuwa chache.

Shule nazo zinaweza kuanza na kidogo. Banda la makuti lenye mti uliolazwa wa kufungia baiskeli, chini ya macho ya mlinzi, huondoa hofu ya wizi ambayo huwafanya wazazi wengi wakatae kuiachia baiskeli ya nyumbani. Kando yake iwekwe pampu moja, iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na beseni la maji.